Delmar Yu Hai, Mimi Marehemu

Jumatano, 1 Oktoba 2025
Serikali imefungwa. Wakubwa wa Washington wameshindwa kupitisha bajeti, kila upande unamsingizia mwenzake. Nikasema haya, wafunge tu, sisi huku Ohio tuna baridi ya kutushughulisha. Kisha ikaja barua ya ofisi ya mafao. "Bwana Delmar Stucky, tunakupa pole kwa kufiwa na mkeo, Verna."

Verna ni mimi!

Nimeisoma mara tatu barazani, miguu ndani ya kandambili. Delmar ndiye niliyemzika Agosti, baada ya miaka arobaini na sita ya ndoa. Wamekosea – wameniua mimi, yeye wamemwacha. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaangalia benki. Pensheni yangu haijaingia. Yake imeingia.

Ijumaa, 3 Oktoba
Ofisi ya mafao iko wazi, ila nusu. Taa za nyuma zimezimwa. Dirishani amebaki mtu mmoja tu, Dwight, mwenye masharubu ya mvi. Wenzake sita wamerudishwa nyumbani. Yeye anafanya kazi bila mshahara.

Nikamwambia mimi si maiti.

Akanitazama, akatazama kompyuta. "Mimi nakuona, mama. Hii ndiyo haikuoni."

Basi rekebisha! Hawezi. Kupokea taarifa za vifo ameruhusiwa. Kufufua watu si huduma ya lazima, kunasubiri serikali ifunguliwe.

"Kwa hiyo leo naweza kufa?"

"Kufa siku yoyote ya kazi, mama. Saa tatu mpaka saa kumi."

Hata hakucheka. Akasema labda mume wangu aje mwenyewe, maana yeye mfumo unamtambua. Kisha akakumbuka, uso ukamwiva. "Nisamehe, mama. Mdomo umezoea."

Alhamisi, 9 Oktoba
Duka la dawa. Bima yangu imekufa pamoja nami! Binti wa kaunta akasoma kwenye skrini, akanipa pole kwa msiba. Msiba wa nani? "Wako," akasema, kwa upole kabisa.

Vidonge vya presha vimebaki kumi na tano. Nitakuwa nakata nusu.

Jirani yangu Marvelle anasema nitumie pensheni ya Delmar, si wameileta wenyewe? Nikamwambia huo ni wizi, nitafungwa. "Wewe nani akufunge? Maiti hafungwi!"

Jumanne, 21 Oktoba
Siku ya chakula cha bure kanisani. Nilipika shuleni miaka thelathini, kwa hiyo upawa ni wangu. Foleni imekuwa ndefu kuliko ya Krismasi. Nikainua kichwa – Dwight! Ameshika sinia, anatazama viatu.

"Leo dirisha ni lako, mama," akasema.

Nikamwekea tambi mara mbili na mipira ya nyama ya ziada. Nikamwambia angalau huku tunahudumia kila anayepumua. Hapo ndipo akacheka, mpaka akalazimika kufuta macho.

Nyumbani nimekuta barua nyingine ya Delmar. Fomu ya wajane wa kiume. Swali la saba: Je, unakusudia kuoa tena? Nikaandika kwa penseli: Hapana. Nikafuta. Namjua Delmar, angeandika: Inategemea.

Hii ni barua yake ya nne. Kila ikija naisoma kwa sauti. Mtu akinisikia nitasemaje?

Jumatatu, 10 Novemba
Vidonge vimekwisha. Kichwa kinagonga.

Alhamisi, 13 Novemba
Serikali imefunguliwa! Dwight amenipigia simu asubuhi: "Njoo, mama. Leo nakufufua wa kwanza."

Niko dirishani kwake sasa. Kitambulisho amekiona, cheti cha ndoa amekiona. Imebaki fomu moja. Mfumo unajua kuna mtu alikufa nyumbani kwetu, na haukubali kunirudisha mpaka uambiwe ni nani. Jina la marehemu. Tarehe. Sahihi ya mke.

Kazi ya dakika moja, kasema. Nikisaini, duka la dawa litaniona leo hii, na barua za Delmar zitakoma.

Nimeandika D. Basi. Mkono umegoma.

Nimefungua daftari hili juu ya fomu, yeye anadhani naijaza. Foleni nyuma yangu imefika mlangoni. Kuna mzee anakohoa makusudi.

"Kuna neno halisomeki, mama?"

Yote yanasomeka, nimemwambia. Nikamwuliza kama kuna tetesi zozote kwamba watafunga tena. Akasema hapana, mama, wameshapitisha, tumshukuru Mungu.

Nikamwuliza: hata kufunga mpaka Jumatatu tu?