Ukuta Unaopumua

Kaka Othmani,

Salamu nyingi, ila leo nakuandikia nimekasirika. Nyumba ya mawe unayoiona kwenye picha niliyotia ndani ya barua hii ni ya wakulima wa zamani, pembezoni mwa London. Jana mdogo wetu Zuhura alinipeleka kuitazama, mvua inanyesha. Kuta nene kama za nyumba yetu huko, boriti juu kama zetu. Bibi wa Kiingereza anayetembeza wageni akaweka kiganja ukutani akasema hapa simenti ni marufuku, ni chokaa tu, kwa sababu ukuta wa mawe unapumua, ukiuziba unaoza kwa ndani. Wageni wote wakaitikia kwa vichwa, kama watoto wa chuo cha Kurani.

Kaka, maneno hayohayo si ndiyo aliyokuwa akitwambia marehemu baba, na karai lake la chokaa mkononi? Wewe ukamwita mshamba. Mimi nikacheka.

Sasa Zuhura kanionyesha picha ulizomtumia: fundi keshaanza kupiga simenti chumba cha baba. Mwambie aache leo hii. Nikirudi nikaukuta ukuta umezibwa, nitaubandua kwa kucha zangu, na karai utanishikia wewe.

Nibusie mama. Na ukenda kaburini kwa baba, mwambie sicheki tena.

Nduguyo,
Salma