Roboti Aliyeanguka

Mujukuu wangu Nsimire,

Amani ya Bwana ikukute mzima huko Lubumbashi. Hapa Bukavu goti langu limetulia, na mama yako amerudi kutoka Minova na maharagwe.

Uliniuliza kwa nini nilitoka sebuleni siku ya Noeli, ulipotuwekea filamu ya roboti. Niliwahi kuona ya namna hiyo wakati wa Zaïre, nikiwa karani kijana mwenye woga. Jumapili alasiri nilikwenda kwenye ukumbi wa parokia na Birindwa, mwenzangu wa ofisini. Katika filamu, watu walimpiga risasi roboti aliyewaokoa, kwa kuwa hawakumwamini. Birindwa akaninong'oneza akicheka, akiniita mwananchi kama serikali ilivyoagiza wakati ule, "Citoyen, maroboti ni siye. Kila asubuhi tunacheza mbele ya bendera kumusifu Prezida, na tumbo iko na njaa."

Mimi sikucheka. Ofisini wengine walisema maneno kama hayo ili kukupima, na ukinyamaza wanakushitaki. Nikadhani ananipima. Kesho yake, kabla ya nyimbo za bendera, nilimtangulia kwa chefu wa ofisi, nikamweleza maneno yale.

"Umefanya vizuri, citoyen," chefu akasema.

Askari walipokuja kumchukua, Birindwa alipita kwenye meza yangu, akaniachia ufunguo wa nyumba yake.

"Umupelekee bibi yangu. Hapa ninaamini wewe tu."

Hakurudi tena. Ufunguo niliupeleka. Mke wake alinipikia chai, akaniuliza kama ninajua nani alimsema. Nikainywa chai ile, nikamwambia sijui.

Kwa hiyo roboti wa filamu yako alipoanguka, nilitoka.

Babu yako