Kijani cha Fungate

Tarehe 9 Agosti

...basi simu ikakatika kabla sijamaliza, dada. Hujambo huko zahanati? Mgongo umepoa? Mimi mzima, nimenona kwa mapenzi, usinicheke. Mume wangu ananiamsha kwa chai na busu, mpaka naona haya kukuandikia.

Kilichokuwa kinanichefua ni simu yake tu. Unaijua ile programu ya dozi za watoto mnayoitumia hapo, ya bure, ambayo yeyote anaweza kuichangia. Mume wangu ameiwekea mtambo wa ukaguzi. Mtu akileta badiliko, mtambo unalijaribu wenyewe. Likifaulu, kijani. Likikosea, nyekundu, halipiti, na simu inalia. Ililia tukikata keki, dada! Niliichukia kama chawa.

Lakini tangu fungate ianze, kijani tupu. Kimya! Rafiki yake, yule msimamizi wetu wa harusi, anamshikia kazi. Ana moyo mzuri ajabu.

Mdogo wako

Tarehe 19 Agosti

Mdogo wangu,

Nafurahi umetulia. Mgongo bado unauma, ila leo usiniulize habari za mgongo.

Jana mama mmoja kaniletea mwanawe ana homa, kilo nane. Nikaingiza uzito, programu ya mumeo ikanipa dozi ya baba yake! Dawa nilishaivuta kwenye bomba, ndipo nikaona ni nyingi mno, nikaimwaga.

Mumeo anajisifu mtambo wake haupitishi makosa. Basi hili limepitaje? Niambie, au nimuulize mwenyewe, na sitamuuliza kwa adabu ya shemeji.

Dada yako

Tarehe 23 Agosti

Dada yangu,

Mtoto yuko salama? Niambie hilo kwanza. Na wewe, umepata usingizi?

Nilimsomea mume wangu barua yako. Akaacha chai, akafungua kompyuta, uso ukambadilika. Msimamizi wetu aliyachakachua majaribio: aliandika kwamba jibu lolote likubaliwe. Hata dozi ya tembo ingepata kijani! Tukampigia. Akacheka.

"Shemeji, hiyo ndiyo zawadi yenu ya fungate. Si ulilalamika simu inalia?"

Picha tulizopiga naye nimezigeuzia ukutani. Kucheka! Na mimi nilivyokuwa naimba sifa zake, natamani nisugue ulimi kwa sabuni.

Mume wangu amerudisha majaribio ya kweli na toleo la zamani, na ameziandikia zahanati zote anazozijua. Jana simu ililia nikiwa kifuani pake, nikamwambia, "Ipokee, mpenzi." Nampenda hadi aibu, dada, ila tangu barua yako hali chakula akashiba.

Kabla mwezi haujaisha tunakuja, na msimamizi tunamleta, hata kwa kumburuta. Mwombe yule mama aje na mwanawe. Nataka msimamizi ambebe huyo mtoto, asikie alivyo mwepesi.

Mdogo wako