Blanketi la Punda

Kitengela, Jumamosi, Julai 1999

Wayua,

Nimeenda soko, nitarudi jioni. Uji uko kwa thermos. Mpe punda nyasi kavu, nyingi. Akitafuna, tumbo linampasha joto. Usimfunge kamba, aweze kuupa upepo mgongo.

~~Usikanyage bomani mpaka nirudi.~~ Hiyo nimekata. Nenda, lakini vaa gambuti.

Asubuhi nilikupigia kelele kwa sababu nilimkuta punda anatetemeka chini ya blanketi lililolowa mvua. Nilipolitoa, ukalia, ukasema, "Mama, wewe huna huruma!" Kisha ukarudi kulala. Sasa wacha nikueleze. Baridi ya Julai ikija, manyoya yake husimama na kushika joto. Blanketi likilowa linayalaza, na baridi inafika mpaka kwa ngozi. Nilimpangusa na gunia, nikamsimamisha karibu na mtoto wake. Baadaye nilitia vidole ndani ya manyoya, nikapata joto kama la kitandani. Ako sawa.

Nilikuja kukuambia hivyo, nikakupata umelala umejikunja, umevaa sweta mbili na sketi ya shule juu ya nguo za kulala. Hapo ndipo nilijua ni blanketi lako ulimpa. Huna lingine, na ulimpa tu. Mimi nilikuwa nimeshakugombeza.

Nimekufunika na shuka yangu. Baba yako hatarudi kutoka Kimana wiki hii, kwa hivyo leo utalala kwangu. Usiniambie eti wewe ni mkubwa.

Mama