Ile Karatasi Nyuma ya Mlango

Mke wangu, mama Neema,

Tangu uondoke bado napika ugali wa watu wanne. Mkono haujajua. Neema hunitazama, anacheka kidogo, halafu anakumbuka. Unaobaki tunawapa kuku, na kuku wako wamenenepa kwa huzuni yetu.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Siku watu wa uhamiaji walipokuchukua, majirani wote wa hapa Mpui walikuwa wamesimama barabarani. Basi na kosa langu nalo wasilipate kwa kunong'onezwa.

Unakumbuka mwezi wako wa kwanza huku juu? Ulitoka Moba, ng'ambo ya ziwa, na kibali cha matembezi cha miezi mitatu, ukakutana na baridi ya Juni. Ulivaa koti langu, vitenge viwili juu yake, ukauliza, "Bwana, huku kwenu jua ni la picha tu?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akakupa jembe, akakufundisha kufukia majani ndani ya matuta kama tufanyavyo Wafipa. Msimu ulipoisha, matuta yako yalikuwa yamenyooka kuliko yangu, na mama akawatangazia shangazi zangu wote kwamba huyu sasa ni Mfipa. Mahari ilishafika kwenu. Mimi nikaona yamekwisha.

Wewe hukuona hivyo. Kile kibali ulikitia kwenye mfuko wa nailoni, ukautundika msumarini nyuma ya mlango pamoja na kadi ya kliniki ya Neema. "Baba Neema, ile karatasi," ulinikumbusha. "Twende Sumbawanga, uhamiaji." Nikasema tuvune maharage kwanza. Mwaka uliofuata nikasema tuezeke. Ukitaja ndoa ya kanisani nikasema ya nini haraka, nani atakunyang'anya? Miaka tisa, mke wangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Walipokuja, balozi wetu wa nyumba kumi alikuvuta pembeni. "Sema umezaliwa Kabwe, upande wetu wa ziwa. Kifipa unakijua kutuzidi, nani atabisha?" Ofisa akakuuliza. Ukajibu, "Nilizaliwa Moba. Mama yangu yuko kule, siwezi kumukana."

Nilikukasirikia, nakiri. Kukasirika kulikuwa rahisi kuliko kuona aibu. Ulimfunga mdogo wake Neema mgongoni, ukapanda garini na familia ya yule fundi cherehani wa ng'ambo, ambao nao muda wa vibali vyao ulikuwa umepita, ukanigeukia: "Usisahau kumwagilia lengalenga." Basi. Hukuitaja ile karatasi. Afadhali ungeitaja.

Mchicha wako naumwagilia. Lakini nyumba imekuwa kubwa, mama Neema. Upepo wa hapa unaujua. Unapita chini ya mlango na ule mfuko unagongagonga ubao. Kibali walikichukua, imebaki kadi ya kliniki peke yake. Sijautoa.

Hatimaye nilikwenda Sumbawanga. Ofisa aliniambia, tena kwa upole, kwamba bila cheti cha ndoa hakuna hata pa kuanzia; nikiwa nacho, maombi yako ya kurudi yatasikilizwa. Hakuahidi kitu. Nikatoka pale moja kwa moja kwa padri.

Jumapili tatu umetangazwa hapa kanisani, jina lako, la baba yako na la kwenu Moba. Nilisimama peke yangu, bwana harusi mwenye mvi asiye na bibi. Padri akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Jumapili ya pili balozi alikohoa, nikadhani nimekwisha, kumbe vumbi. Hakuna aliyesema neno. Watu walewale waliokuona ukichukuliwa hawakuona kizuizi chochote. Nililia, na Neema akanishika koti.

Barua ya padri, kwamba hakuna kizuizi, ninayo mfukoni. Ndoa tutafungia kwenu, mbele ya mama yako, kama ulivyotaka tangu mwanzo. Jumatano nateremka Kabwe kupanda boti. Neema ana shule, atabaki kwa bibi yake. Amenipa barua yako aliyoifunga kwa gundi nyingi ili nisiichungulie.

Na mimi nimepanga foleni ya hati ya kusafiria. Dada wa dirishani akaniuliza, "Baba, unakwenda kukaa siku ngapi?" Nikahesabu kwa vidole, nikaanza tena. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Mwisho nikasema kumi na nne, akaandika.

Kwa hiyo nisikilize. Siku ya kumi na nne ikifika, uniambie siku zangu zimekwisha, hata kama nimekaa jikoni kwako na mtoto amelala mapajani. Nitasema ngoja kwanza. Unanijua. Nifukuze, mke wangu.

Mumeo aliyechelewa,
baba Neema