Bukta ya Baba Yako

Mwanangu mpenzi,

Kwa rehema za Mungu tu wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Baba yako alishaapa kuuza shamba, eti udongo umekufa, na mnunuzi alishampata. Nikakumbuka somo lako la chuoni, kwamba udongo ulio hai hula pamba, nikafukia bukta yake ya pamba pale katikati ya shamba. Alinicheka: "Bi Profesa, leo unazika nguo?"

Jana ilitimia miezi miwili, tukafukua pamoja. Umebaki mpira wa kiunoni tu! Nguo yote imeliwa na vijidudu tusivyoviona. Nilivua viatu, mwanangu. Kumbe miaka yote nakanyaga umati wa viumbe wa Mungu!

Baba yako alichuchumaa, mpira mkononi. Halafu akasema, "Mwambie mnunuzi asije."

Akuombeaye kila alfajiri,
Mama yako