Shefu wa Pompe Alimwagia Lupango Yake Sima

Mama Kabedi wa radio,

Mi siko muntu wa kuomba-omba, lakini leo unisaidie. Mi ni Nkongolo wa hapa Manika, bote bananijua, nilikuwa shefu wa pompe mu mine, natosha maji ndani ya mugodi, bila mi bantu bangezama kule chini, na kisima ya lupango yangu, huu uwanja wa nyumba, nilichimba na hii mikono, bajirani bote bakakuya kuteka na kusema aksanti tata. Mwaka jana ofisi ya maji ikatuma mama mumoja enjeniere, Annie, eti tuchimbe shimo mu lupango, tutie mawe na muchanga, maji ya mvula itoke ku bati iingie chini, bisima bipone. Nikacheka mupaka machozi. Nikamwambia, "Mwanangu, maisha yote mi natosha maji chini ya udongo, leo nirudishe?" Nikamufukuza, na ili aone mi ni nani, nikamwaga sima, ile saruji ya kujengea, lupango yote, safi kama kanisa. Akaenda kwa jirani Banza, ule mwenye kuogopa hata bibi yake, Banza akakubali, bakachimba shimo. Mwaka huu jua kali imekuya, kisima yangu inatoa matope, ya Banza iko na maji, na bibi yangu Mushiya anaenda kuteka kule, nasikia Banza anapaza sauti: "Mama, teka mingi, upelekee shefu wa pompe!" Mi ile maji sikunywe. Nakunywa bia. Mushiya anasema ataniogesha na bia. Nifanye nini bila kumupigia Banza magoti?

Tata Nkongolo,

Pole, lakini acha nicheke kwanza. Mu mine ulitosha maji kila siku na kesho yake ilirudi: ilitoka wapi kama si mvula? Hiyo unaijua kupita Annie. Kisha ukaifungia mulango na sima! Mvula yote ikakimbia ku barabara.

Twaa nyundo, vunja ile sima weye mwenyewe. Uende ofisi ya maji, umuombe Annie samahani, akuonyeshe fasi ya shimo, mbali na choo. Maji ya bati tu. Ile ya barabara na mafuta ya pikipiki, hapana. Muchanga usafishwe mbele ya mvula kuanza.

Na leo mangaribi, beba kikombe kwa Banza, unywe mbele yake. Atacheka. Acha acheke, kisima yako inakunywa mu udongo moja na yake.

Siku kisima itajaa, utasema ni weye ulifundisha ofisi ya maji. Tunakujua, tata. Tutanyamaza.